Neno "forward" (mbele) katika fasihi ya Kiingereza: mbona wengi wanaolitamka huishia pabaya?

Kalamu ya Magomeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana najua humu wamo walimu, wanafunzi na watu wanaosoma kwa mapenzi tu.

Jiji letu limejaa maandishi ya kutuhimiza tusonge mbele: kuta za shule, matangazo ya mikopo, migongo ya daladala. Wenye hotuba za mahafali nao hupenda kuazima maneno ya waandishi wa Kiingereza ili kutilia nguvu. Anayeazimwa sana ni Shakespeare, pale anaposema kwamba mambo ya wanadamu yana maji kujaa na maji kupwa. Anayeyawahi yakijaa hupelekwa kwenye bahati yake, anayeyakosa hukwama kwenye maji mafupi maisha yake yote. Ukumbi hupiga makofi.

Mimi nasema turudi kitabuni, kwenye tamthilia ya *Julius Caesar*. Tumwone anayesema ni nani, anamwambia nani, na baada ya hapo kinampata nini.

Anayesema ni Brutus. Wako kambini Sardis, yeye na Cassius, baada ya kumuua Caesar, na wanabishana juu ya vita: wamsubiri adui walipo, au wamfuate Philippi? Cassius anasema tukae. Adui atembee yeye, achoke yeye, amalize akiba yake yeye, sisi atukute tumepumzika. Brutus anakataa, na ndipo anapoitoa hotuba ile tamu ya maji kujaa. Cassius anakubali shingo upande. Wanakwenda Philippi na wote wawili wanafia huko. Shakespeare hakutuachia tubahatishe, kwa sababu tendo la tano linafunguka na Octavius akimwambia Antony, majemadari wa upande wa adui, kwamba walichokitumaini kimetokea: walidhani adui atang'ang'ania milimani, kumbe kashuka mwenyewe. Yaani maneno tunayoyapigia makofi ni ushauri mbaya uliolipoteza jeshi zima.

Katika tamthilia hiyohiyo Caesar naye ana lake. Mkewe Calpurnia anamsihi asitoke siku ile. Anajibu kwamba Caesar atatoka tu, anatumia "forth", nduguye "forward", na kujigamba kwamba vitisho havijawahi kumtazama ila mgongoni. Vikiuona uso wake hutoweka. Anatoka, na wanamchoma visu.

Sasa mje kwa Tennyson, mshairi wa Uingereza. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava katika vita vya Crimea, wapanda farasi wa Uingereza wapatao 670 walitumwa bondeni huku mizinga ya Warusi ikiwa mbele yao na pembeni. Amri ya Lord Raglan, jemadari wa Waingereza, ilikuwa imekusudia shabaha nyingine; ilipofika chini ikaeleweka vingine. Tennyson alisoma habari gazetini, na Desemba mwaka huohuo shairi lake likachapishwa. Linaanza kwa "onward", halafu "Forward" inalipuka kama amri ya afande. Watoto wa shule katika himaya yote ya Waingereza walikaririshwa shairi hili kama somo la ushujaa. Ushujaa wa wale askari upo kweli, sibishi. Lakini mshairi ameandika wazi katikati ya shairi kwamba kuna mtu alikosea, na kwamba askari hawakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini, kazi yao ilikuwa kutenda na kufa.

Macbeth, katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, ni vilevile. Baada ya kumuua mfalme na kisha rafiki yake Banquo, anajiambia kuwa amekwisha kuingia ndani ya damu kiasi kwamba kurudi kunachosha sawasawa na kuvuka. Basi anavuka.

Karne tatu baadaye, mwaka 1925, F. Scott Fitzgerald anaandika riwaya ya Gatsby wake, mtu anayeinyoshea mkono taa ya kijani ng'ambo ya maji. Ukurasa wa mwisho msimulizi anatuambia kwamba ndoto ile ilikuwa imekwisha kubaki nyuma ya Gatsby na mwenyewe hakujua. Kesho tutakimbia zaidi, tutanyosha mikono zaidi, nasi tunapiga makasia, na mkondo unatubeba kuturudisha nyuma.

Kwa nini iwe hivyo? Mawazo yangu ni haya. "Forward" ni neno linalotaja uelekeo bila kutaja mahali. Ukiambiwa nenda Kibaha unaweza kuuliza Kibaha kuna nini. Ukiambiwa mbele, utauliza nini? Waandishi wakubwa wameuona mwanya huo, kwamba mtu anayepaswa kujibu "tunakwenda wapi" anaweza kukwepa swali kwa kulitamka neno hili kwa sauti kubwa. Ndiyo maana wanalitia kinywani mwa majemadari, wauaji na wapenzi waliopofuka.

Karibuni mnipinge, ila kwa vitabu.

Afande Mstaafu wa Ukonga

Mkuu, umenigusa pale kwa Tennyson. Sisi tuliopita JKT tunajua "mbele tembea" ikitoka hakuna wa kuuliza. Na kwata ina maana yake: mwili unafundishwa kutangulia mawazo, kwa sababu siku ya risasi mawazo yanachelewa. Kwa hiyo yule askari wa kwenye shairi simlaumu hata chembe, na nadhani Tennyson hakumlaumu. Mzigo wote uko juu ya aliyetoa amri na juu ya aliyeipeleka. Ningependa shairi hili lifundishwe kwa maofisa kabla ya wanafunzi wa sekondari.

Dada wa Sinza

Kaka Kalamu, uzi mzuri, ila umeliacha upande mmoja neno hili, na upande huo unatuhusu sisi wanawake.

Katika Kiingereza cha zamani "forward" halikuwa la mwendo tu. Lilikuwa sifa ya mtu, na mara nyingi sifa mbaya. Binti "forward" katika riwaya za karne ya 18 na ya 19 ni yule aliyezungumza kabla hajasemeshwa, aliyemtazama mwanaume usoni, aliyeonyesha kwamba anapenda kabla hajapendwa. Sisi tunalo letu linalolingana nalo kabisa: kimbelembele. Ni mara ngapi tumeambiwa tukiwa wadogo, "acha kimbelembele chako"? Na angalia, tusi hilo huangukia zaidi watoto, wanawake na wageni, yaani watu ambao wengine wamekwisha kuwapangia mahali pao pa kusimama. Sijawahi kusikia tajiri akiambiwa ana kimbelembele.

Shakespeare analijua hilo. Katika soneti ya 99, ile yenye mistari 15 badala ya 14, anaigombeza urujuani kwa kuiita "forward", kwa sababu ua hilo huchanua mapema kuliko mengine, na anailaumu kwamba imeiba harufu kwenye pumzi ya mpenzi wake. Hapo ni utani wa mapenzi. Lakini soma *Richard III*. Mwana wa mfalme, mtoto mdogo mwenye akili, anazungumza maneno mazito kuliko umri wake, na baba yake mdogo Richard ananong'ona pembeni kwamba kiangazi kifupi hutanguliwa na majira ya kuchipua yaliyo "forward", yaani yanayowahi. Maana yake: mtoto anayewahi kukomaa hawahi kuzeeka. Baadaye anaagiza auawe. Hapa aliyetembea kwenda mbele ni mtoto, na kosa lake ni kuwa na akili mbele ya mtu anayeogopa akili.

Kwa hiyo nakubaliana na wewe kwamba wengi huanguka. Ila naomba tutenganishe anayeanguka kwa upofu wake na anayeangushwa kwa sababu amethubutu kutangulia. Brutus alijipeleka. Yule mtoto alisukumwa.

Na kwa kuwa tupo hapo, lipo neno pacha, "froward", mtu anayeelekea mbali na alikotakiwa, mkaidi. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inalitumia tele katika kitabu cha Mithali. Katherine wa *The Taming of the Shrew*, mwishoni kabisa, anawahutubia wanawake wenzake wasiwe "froward". Basi mwanamke alibanwa kotekote: akielekea mbele ni kimbelembele, akigeuka ni mkaidi.

Mwana wa Mbagala

Naomba kutofautiana na mwanzisha uzi kwa heshima zote. Umechagua watu walioanguka, halafu ukasema neno ndilo baya. Mbona umekiruka kitabu ambacho Waingereza wa kawaida walikisoma kuliko karibu vyote baada ya Biblia?

John Bunyan alikaa gerezani Bedford kwa miaka mingi kwa sababu ya kuhubiri bila kibali. *The Pilgrim's Progress* ikatoka mwaka 1678. Mwendo mbele ndio kitabu chenyewe: Mkristo anatoka katika mji wa maangamizi, anapita kwenye tope la kukata tamaa, mlima wa shida, soko la ubatili, ngome ya mashaka, mpaka mji wa mbinguni. Na kuna mahali nisipopasahau. Anapokutana na Apolioni njiani, anaogopa, anafikiria kugeuka akimbie. Kisha anakumbuka kwamba silaha alizovikwa hazina kinga ya mgongo. Akigeuka atakuwa wazi. Anasimama apigane. Bunyan ametoa sababu ya kutorudi nyuma inayoshikika kwa mkono, hakuhitaji hotuba.

Paulo naye kwa Wafilipi, tena kwa Kiswahili kitamu kuliko Kiingereza chao: "nikiyachuchumilia yaliyo mbele, nakaza mwendo, niifikilie mede ya thawabu". Kuchuchumilia! Mtu amesimama kwa ncha za vidole. Sisi kanisani tunaimba "Mbele ninaendelea" na hakuna anayeimba kama Macbeth.

Kalamu ya Magomeni

Dada wa Sinza, hilo la kimbelembele linaongeza chumba kizima katika nyumba hii. Nalichukua, na tofauti uliyoiweka kati ya Brutus na mtoto wa mfalme nitaitumia kila nitakapozungumzia jambo hili.

Mwana wa Mbagala, asante sana. Ukitazama, Bunyan na Paulo wanaikamilisha hoja niliyoianza. Nilisema hatari ya "forward" ni kutotaja mahali. Paulo anataja mede, yaani shabaha ya mwisho wa mbio. Bunyan anataja mji na mlango wake. Mkristo anajua anakokwenda kiasi kwamba anaweza hata kurudi nyuma: kumbuka alipolala kwenye kivuli katikati ya mlima wa shida, akaiacha hati yake pale, akalazimika kurudi kuitafuta, ndipo akaendelea. Brutus hangeweza kufanya hivyo. Macbeth ndiyo kabisa, kwake kurudi ni kazi bure. Kwa hiyo kipimo kiwe hiki: msafiri wa kitabuni anaruhusiwa kurudi nyuma au haruhusiwi? Nadhani kipimo hicho kinafanya kazi kwenye vitabu vingi.

Baharia wa Kigamboni

Mimi si mtu wa vitabu vya Kiingereza, nimesoma uzi kwa sababu ya maji kujaa. Wakuu, huyo Brutus hajui bahari.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili. Ukikosa yaliyojaa asubuhi, unakaa saa kumi na mbili na kitu, yanajaa tena. Wakati wa bamvua maji hupanda takribani mita 3, ngalawa iliyokuwa imelala mchangani inaelea yenyewe. Wakati wa maji mafu hupanda kidogo tu. Hakuna mvuvi anayesema "tukikosa maji haya tumekwama maisha". Mvuvi anaangalia mwezi, anahesabu, anasubiri. Mtu anayewahimiza wenzake waingie majini sasa hivi la sivyo basi, huyo ama anakimbia kitu ama anataka kuuza kitu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Chombo chote unaweza kukizunguka, utarudi ngamani.

Kalamu ya Magomeni

Baharia, kaka yangu, hili ulilosema sijaliona kwa mchambuzi yeyote na lina uzito mkubwa. Bahari ya Mediterania, alikozaliwa na kufia Brutus, karibu haina maji kujaa na kupwa ya kuonekana. Sehemu nyingi hayafiki hata nusu mita. Maji anayoyazungumzia ni ya mto Thames, ambao huko London huyapandisha na kuyashusha mara mbili kila siku kama hapa kwetu. Shakespeare na watazamaji wake waliishi kando ya mto huo; wapiga makasia walikuwa wakiwavusha kwenda kwenye jumba la maonyesho ng'ambo ya kusini. Wote walijua maji yatarudi jioni. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mtazamaji wa mwaka 1599 aliposikia Brutus anasema ukikosa haya umekwisha, alitambua papo hapo kwamba jamaa anachagiza.

Na sisi tuna bahati ya kipekee na tamthilia hii, maana aliyeileta kwa Kiswahili ni Mwalimu Nyerere mwenyewe, 1963, akiwa Rais, kisha akairekebisha ikatoka kama *Juliasi Kaizari* mwaka 1969. Huwa najiuliza alijisikiaje, kiongozi wa nchi changa iliyokuwa na haraka ya maendeleo, kukaa usiku kutafsiri ubishi wa viongozi wawili juu ya kwenda au kusubiri.

Mwalimu Mstaafu wa Temeke

Wanangu, salaam. Nimefundisha Kiswahili na nimefuatilia kwa furaha. Niruhusuni nitoke kwa Waingereza nirudi nyumbani, maana nadhani tofauti kubwa iko hapo.

Mwingereza akitaka hadithi isonge, huongeza neno nje ya kitenzi: "on", "forward", "forth". Sisi mwendo umo ndani ya kitenzi chenyewe, katika silabi moja, -ka-. Alitoka, akafunga mlango, akashuka, akavuka barabara. Kila -ka- inasimama juu ya bega la iliyotangulia. Haiwezi kuanza peke yake hewani. Lazima pawepo tendo la kwanza la kuishika mkono. Na tazameni jambo la ajabu: -ka- hiyohiyo tunaitumia kumtuma mtu aende. Kalete maji. Nenda kamwite. Kalale. Silabi ya kusogeza hadithi na silabi ya kumwondoa mtu alipo ni ileile.

Haiishii hapo. Hekaya zetu za kale zinaanzaje? "Hapo kale paliondokea mtu." Paliondokea, kutoka kuondoka. Kabla hujajua jina lake, mtu amekwisha kuinuka. Na bibi zetu walipotaka tuhisi umbali walikuwa hawasemi mbali. Walisema akaenda, akaenda, akaenda, huku sauti ikipungua, mpaka mtoto anachoka miguu akiwa amelala mkekani.

Mkitaka kuona -ka- ikifanya kazi kwa mwendo wa kweli, someni *Safari za Wasuaheli*, iliyokusanywa na Carl Velten ikachapishwa Ujerumani mwaka 1901. Mmoja wa wasimulizi wake ni Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Mtu wa Afrika Mashariki, kwenye theluji, miaka 130 hivi iliyopita, anasimulia kituo baada ya kituo kwa Kiswahili. Tukaondoka, tukafika, tukalala, tukaona. Hana hotuba ya kusonga mbele hata moja, kwa sababu kila kitenzi chake kinasonga.

Sasa hoja ya kijana wetu wa Magomeni, ya kurudi nyuma. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert, 1951, wajumbe sita wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wanapata taabu, wanajifunza, wanarudi na elimu ya kuifaa nchi yao. Wanapewa nini? Gereza. Anayesimulia habari zao zote ni Karama, naye anasimulia akiwa mshitakiwa mbele ya baraza. Angalieni: hakuna aliyeangukia njiani. Jaribu halikuwa kwenda, lilikuwa kurudi. Shaaban anatuuliza nchi inamfanya nini mtu aliyekwenda mbele akarudi na habari. Nilifundisha kitabu hicho miaka mingi na swali hilo lilikuwa linanikaza koo kila mara.

Mlimani Daima

Shikamoo mwalimu. Nina swali. Chuoni tulisomeshwa hoja ya John Mbiti, kitabu chake cha 1969, kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Wakati kwake unatoka Sasa na kuzama Zamani, tena alitumia maneno hayohayo ya Kiswahili. Ikiwa ni kweli, basi "forward" ya Kiingereza haiwezi kuwa na mwenzake kwetu hata kidogo. Mwalimu unasemaje?

Mwalimu Mstaafu wa Temeke

Marahaba mwanangu. Mbiti namheshimu, alikuwa msomi mkubwa wa Kenya na alitufungulia mlango. Lakini maneno ya Kiswahili aliyachukua akayafanya vibandiko, huku ushahidi wake mwingi wa nyakati za vitenzi akiutoa kwenye Kikamba na Kigikuyu. Kiswahili chenyewe kina -ta-, inayotumika kwa kesho na kwa Siku ya Kiyama bila kubadilika. Kina "siku za usoni", yaani siku zilizo mbele ya uso wako. Na kina endelea, iliyozaliwa na enda: enda, endea, endelea, endeleza, mpaka maendeleo. Lugha isiyojua mbele haizai ukoo kama huo.

Ninachokubali kwa Mbiti ni kidogo: hadithi zetu nyingi hutazama waliotangulia. Hata neno "waliotangulia" lenyewe, wafu wako mbele yetu njiani, sisi tunawafuata. Hapo mbele na zamani zinakutana, na nadhani Mbiti alihisi kitu hicho.

Dada wa Sinza

Mwalimu, hilo la waliotangulia nimelisoma mara mbili.

Niongeze mwandishi wetu Kezilahabi na riwaya zake mbili kabla uzi haujapoa. *Nagona* ya 1990 na *Mzingile* ya 1991, vitabu vyote viwili vilichapishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimulizi anatembea, anatembea, na njia haimfikishi kama tulivyozoea. Jina la pili lenyewe linasema ni njia za kuzungukazunguka. Watu wengi wanavilaumu kwamba ni vigumu. Mimi nadhani ugumu umetoka hapa: Kezilahabi ameichukua -ka- ya mwalimu, iliyotuzoesha kwamba tendo moja linazaa jingine, akaikata kitovu. Vitendo vinafuatana lakini havizaani. Msomaji anabaki anatafuta mbele iko wapi.

Kwa waandishi wa Kiingereza na Kifaransa, mwenzake ni Samuel Beckett. Tamthilia yake ya kumngoja Godot, iliyoonyeshwa kwanza Paris Januari 1953, kila tendo linaisha mmoja akisema twende, na maelekezo ya jukwaa yanasema hawajongei. Ila tofauti naiona. Watu wa Beckett wamekaa. Mtu wa Kezilahabi miguu inakwenda kweli, ndiyo maana kwangu anaumiza zaidi. Nchi yetu ya miaka ile ilikuwa inatembea sana.

Mlimani Daima

Dada, je, na mshairi T.S. Eliot? Kwenye shairi lake *The Dry Salvages*, 1941, anawaambia wasafiri "fare forward", tena anakataza waagwe kwa heri ya kawaida. Huyo naye ni Brutus au ni Bunyan?

Dada wa Sinza

Si yeyote kati yao. Eliot pale anayachukua mafunzo ya Krishna, mungu wa Wahindu, kwa shujaa Arjuna kwenye uwanja wa vita: tenda, usifikirie tunda la tendo. Kwa kipimo cha kaka Kalamu, msafiri huyu hana mede kama Paulo, wala hapigwi upofu kama Brutus. Anajua kwamba atakayeshuka kwenye treni si yuleyule aliyepanda. Naona ndiyo "forward" pekee kati ya zote tulizotaja inayokataa kuahidi chochote, na aliiandika wakati London inapigwa mabomu. Sijui kama ningeweza kuishi nayo, lakini naiamini.

Kidato cha Sita Kinondoni

Wakubwa shikamooni wote. Nimesoma uzi wote. Nasoma mchepuo wenye lugha ya Kiingereza. Naweza kutumia hoja ya Brutus kwenye insha, au msahihishaji ataona napinga Shakespeare?

Kalamu ya Magomeni

Marahaba mdogo wangu. Itumie, na hutakuwa unampinga Shakespeare, utakuwa unamfuata. Fanya hivi: usianze na hotuba. Anza na hoja ya Cassius, uieleze kwa haki mpaka msomaji aone kwamba ina mantiki. Ndipo ulete jibu la Brutus, uonyeshe kwamba sababu zake za kijeshi ziko fupi kabla ya maji kujaa, kwamba watu wa njiani hawawapendi na adui ataongeza askari, na kwamba nguvu zao zimefika kileleni. Sababu hizo si za kijinga, usizidharau. Kisha nenda moja kwa moja kwenye mistari ya mwanzo ya tendo la tano, furaha ya Octavius, uiweke karibu na hotuba. Msahihishaji akiona umeziunganisha sehemu hizo mbili atajua umekisoma kitabu chote na si mistari ya kwenye mabango.

Ukipata nafasi pitia Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed uulizie *Juliasi Kaizari*, usome onyesho hilo kwa Kiswahili kwanza. Ubishi wao utausikia vizuri zaidi. Na hoja ya Baharia kuhusu maji kurudi jioni iweke pia, ila eleza kuhusu mto Thames, usiishie Kigamboni.